Injini Iliyowashwa kwa Draya

Mtaa mzima ulimwita Mama Draya, na wala hakununa. Alikuwa msusi mwenye saluni yake upande wa barabarani. Nyuma ya ukuta huohuo, uani, mumewe aliyekuwa fundi wa kukereza vyuma alikuwa akiunda injini ya ndege ndogo, zile za kurusha kwa rimoti. Si ya propela, la hasha. Ilikuwa jeti halisi, ukubwa wake kopo la maziwa ya unga.

Miaka ile ilikuwa mitamu, asikudanganye mtu. Feni ya mbele ilitoka kwenye turbo ya lori bovu. Gurudumu la nyuma fundi alilikata mwenyewe kwenye bamba la chuma kisichoogopa moto, akayapinda mapanga yake moja baada ya jingine kwa koleo huku akiuma ulimi. Kilichomtoa jasho hasa ni chumba cha moto, pale katikati. Matundu yake yakiwa makubwa, upepo unazima moto. Yakiwa madogo, moto unatokea nyuma na kuyeyusha gurudumu. Alitoboa, akaziba, akatoboa tena, mpaka mkewe akawa anaota matundu.

Na injini ya namna hiyo haijiamshi. Lazima kwanza ipulizwe izunguke, iwashwe kwa gesi, kisha inyweshwe mafuta ya taa taratibu mpaka ijitegemee. Hapo ndipo kila mara sauti ilipopenya ukutani: "Mama watoto, njoo na draya."

Alimwacha mteja nywele zinachuruzika maji, akaenda na draya yake ya kukaushia nywele, akachutama mbele ya injini na kuipuliza. Akiitoa draya mapema, injini inakufa. Kwa hiyo alijifunza kusikiliza: mlio ukitoka kwenye kukoroma ukaingia kwenye mluzi, anaitoa. Hakukosea mara nyingi, na alijivunia. Siku alipouliza kwa nini wasifunge kimota cha kuwashia, mume alijibu, "Kizito. Ndege haitapaa." Akaridhika.

Miaka mingi baadaye binti yao, aliyesomea mitambo, alikuwa akiichora upya injini ile kwenye kompyuta, baba yake pembeni. Mama alikuwa anakunja nguo kwenye kochi.

"Baba, kimota chenyewe uzito wake hauzidi yai," binti akasema. "Na enzi zenu vilikuwepo. Mbona hukukiachia nafasi?"

Mzee akakohoa kikohozi cha uongo.

Mama akaweka shati chini. Moyo ulimuuma kweli. Wateja wangapi walimkimbia? Na goti hili linalomsumbua, alilipata wapi? Kumbe kazi aliyojivunia haikuwa na haja.

"Ulinidanganya," akasema. "Haya, nieleze, mtoto naye asikie."

"Ungetoka lini saluni?" mzee akasema, macho mezani. "Asubuhi hadi jioni vichwa vya watu. Nilitaka nikuone mchana. Ikabidi injini isiwake bila wewe."

Binti akajifanya anatafuta kalamu. Mama hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili, tena vibaya.

"Weka hiyo mota, mwanangu," akasema baadaye, akijifuta kwa shati la mumewe. "Goti limechoka. Na siku hizi saluni sina, ananiona kutwa mpaka ananichoka."

Siku ya kuijaribu alikaa kwenye kiti uani, kwa mara ya kwanza bila kazi. Binti akabonyeza kitufe. Injini ikakoroma, ikapanda, ikapiga mluzi safi kabisa. Miaka yote ile alikuwa ameinamia mdomo wa injini, hakuwahi kuuona uso wa mumewe inapowaka. Akageuka amtazame. Mzee hakuwa akiangalia injini. Alikuwa akiangalia pale chini mbele ya mdomo wake, mahali pa mkewe, ambapo hapakuwa na mtu.

Mama akainuka, goti likilia, akaenda kuchutama palepale, mikono mitupu.