Kibao cha Harbrook

Mke wangu Marva aliwahi kuingia katika banda la nguruwe amevaa viatu vya harusini, akapiga magoti, akaanza kukwangua sakafu kwa kisu cha mezani. Tulikuwa tumealikwa harusini kwa binamu yangu mkulima huko Shropshire, na njia ya kwenda chooni ilipita kando ya banda hilo. Wageni wengine waliona matope. Yeye aliona kona ya bati imejikunja juu, buluu, inang'aa. Chini ya samadi ya miaka mingi lilikuwa limelazwa kifudifudi bango la enameli, rangi ya kuchomwa inayong'aa kama kioo, lenye urefu wa kunizidi mimi, la Kakao ya Pendlebury: msichana mwenye kofia ya njano ameshika kikombe kinachofuka mvuke, na nyuma yake treni inaingia stesheni. Binamu yangu alishangaa kwamba mtu anaweza kulitaka. Alisema mabango kama yale babu yake aliyachukua bure stesheni ilipofungwa, mengine akaezekea banda la kuku. Marva alimkumbatia na gauni lake likiwa vile vile na matope, akapoteza hamu yote ya keki.

Bango hilo ndilo lililompa jina. Kabla yake, tukienda kwenye maonyesho ya vitu vya reli, wanaume wa pale walikuwa wakinisalimia mimi na kunionyesha taa na filimbi zao, wakidhani mwanamke mweusi aliyesimama kando yangu amenifuata tu ili asibaki nyumbani peke yake. Mimi sijui hata kutofautisha filimbi ya mlinzi wa treni na ya refa. Nilikuwa nawaambia, "Muulizeni bosi," na wengine walidhani natania. Baada ya msichana wa Pendlebury hawakuuliza tena. Walikuwa wakija nyumbani kwetu Dudley kwa makundi, wanavua kofia mlangoni, wanasimama mbele ya ukuta wa sebule wakimtazama. Marva aliwapa chai na kuwaacha watazame.

Lakini kitu alichokuwa anakitafuta hasa hakikuwa bango la kakao. Kilikuwa ni kibao cha jina la kibanda cha kuongozea ishara za treni alichofanyia kazi baba yake.

Baba mkwe wangu, Mzee Ransford Gayle, alitoka Jamaika akiwa kijana na kuanza kazi reli kwa kusafisha mabehewa. Alipoomba nafasi ya mwongoza ishara za treni, wenzake walimcheka waziwazi. Akasoma kitabu cha kanuni jikoni mpaka marehemu mama mkwe naye akakikariri, akafanya mtihani, akafaulu, akapewa kibanda cha Harbrook, mahali palipokutana njia mbili nje kidogo ya Wolverhampton. Huko juu, peke yake, alivuta mikono ya chuma ya kubadilisha njia na kupandisha ishara, mvua na jua, mpaka nywele zikaanza kumpauka. Hakuna treni iliyowahi kupata ajali mikononi mwake. Na kila Jumapili alitoka nje na ngazi na kitambaa akakisugua kile kibao kirefu cha enameli, rangi ya damu ya mzee, herufi nyeupe: Harbrook.

Kisha kazi ya vibanda ikahamishiwa kwenye mitambo ya mjini. Siku Harbrook ilipobomolewa, mzee alikwenda amevaa suti. Hakutaka pesa wala hotuba. Aliomba kibao. Msimamizi wa wabomoaji alimtazama juu mpaka chini akamwambia kwamba vitu vile vinawekwa kwa ajili ya watu wanaoipenda reli. Mzee alivaa kofia yake akarudi nyumbani kwa miguu. Habari hiyo alimsimulia Marva mara moja tu, akamwomba asimrudishe tena kwenye mazungumzo hayo.

Sasa, masika iliyopita, tulikuwa kwenye maonyesho karibu na Stafford. Marva alikuwa anapita mezani kwa Godfrey Hotchkiss, daktari wa meno mstaafu, mtu mwenye vitu vizuri na maringo yanayolingana navyo. Nilimwona anasimama ghafla, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Nyuma ya Hotchkiss, kimeegemezwa kwenye boksi, kilikuwa kibao cha rangi ya damu ya mzee.

"Kile pale nyuma," Marva akasema. "Cha Harbrook."

"Hakiuzwi, bibie."

"Sijauliza bei."

Hotchkiss alitabasamu. Hakuwa mtu wa kuuza. Siku zote alibadilishana. Alisema kibao chenyewe si cha ajabu, amekipata ndani ya gereji ya marehemu fulani, na vibao vya vibanda viko vingi. Lakini alikuwa ameyaona macho ya Marva, akajua pa kumbana.

"Mlete msichana wa Pendlebury tuongee," akasema. "Bila yeye, karibu chai."

Tuliondoka. Mvua ilitunyeshea njia nzima, na mimi nikaona nina wajibu wa kusema ukweli. Nilimwambia kwamba bango lile liko peke yake Uingereza nzima, kwa kadiri watu wanavyojua, na kile kibao thamani yake ni kama ya birika zuri. Nikamwambia watu watasema amerogwa.

"Waache waseme," akanijibu. "Hawamjui baba yangu."

"Na ukuta wako je?"

"Wewe mzee, tazama barabara."

Nikatazama barabara.

Hotchkiss alikaa Kidderminster, katika nyumba iliyojaa saa za stesheni zinazopigiana kelele. Mimi na jirani yetu tulimbeba msichana wa Pendlebury amefungwa mablanketi kama mgonjwa. Tulipomfunua, daktari alikaa chini kwenye ngazi. Alimtazama muda mrefu, mikono katikati ya magoti. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza kwa nini mtu mwenye akili atoe kitu hiki kwa ajili ya kibao cha Harbrook.

Marva akamweleza. Hakuipamba habari. Alisema baba yake alifanya kazi pale, alikisugua kibao kila Jumapili, alikiomba, akajibiwa vile alivyojibiwa. Aliposema maneno ya yule msimamizi, Hotchkiss aliinamisha kichwa. Akanyanyuka, akaenda chumba cha nyuma, akarudi amekibeba kibao kifuani, akampa.

"Chukua," alisema. "Na msichana wako rudi naye. Mimi si mtu wa namna hiyo."

Nakiri moyo wangu uliruka. Nilishaanza kuinama kushika blanketi. Marva hakusogea.

"Hapana, Bwana Hotchkiss," akasema taratibu. "Baba alikiomba akanyimwa. Sisi hatuombi mara ya pili. Tumekuja na kitu chetu, tunaondoka na kitu chetu."

Hotchkiss akamtazama, akanitazama mimi kana kwamba ningemsaidia. Nikaliachia blanketi. Wakapeana mikono, yule daktari akiwa mwekundu mpaka masikioni, nasi tukatoka tukimwacha msichana pale. Nimekuwa mume wa mwanamke huyu tangu tukiwa vijana, na nimeona fahari mara nyingi kutembea naye. Lakini siku ile, nikiwa nimeshika ncha moja ya kibao na yeye ameshika nyingine, nilitamani mtaa wote ungetoka nje kutuona.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kula kwa mzee. Alikuwa amepika mwenyewe, mbuzi wa bizari na wali wa maharage, na hakutaka mtu yeyote aguse mwiko wake. Marva alingoja mpaka sahani zikatolewa. Ndipo akaingiza lile furushi, akaliegemeza kwenye kochi, akamwambia, "Baba, fungua."

Mzee alifungua polepole, mafundo ya kamba moja moja, maana hakati kamba. Blanketi lilipoanguka alivaa miwani. Akalisoma lile neno moja kana kwamba huenda limekosewa. Akapitisha kidole kwenye tundu za skrubu, kisha kwenye kona ya chini, palipobanduka enameli.

"Nani alikipaka mafuta?" akauliza.

"Mimi, Baba."

"Umepaka mengi mno."

Akatoka. Tulimsikia anapanda ghorofani, kabati linafunguliwa. Marva alinitazama, macho yamemjaa machozi, hajui kama amefanya vyema au amechokonoa kidonda. Mzee aliporudi alikuwa amevaa koti na tai.

"Leteni ngazi," alisema. "Kinakwenda juu ya mlango."

Marva alimkumbusha kwamba vitu hivi havitundikwi nje siku hizi, wezi wanavifahamu.

"Harbrook haikuwa chumbani kwa mtu, binti yangu. Treni zilikuwa zinaisoma. Wezi waje, mimi nipo."

Basi mimi nikapanda ngazi na drili, Marva akaishika chini, na mzee akavuka barabara akasimama upande wa pili kutuongoza. Alinyoosha mkono juu, nikainua, akaushusha, nikashusha, akaukunja kifuani, nikatulia. Bibi Sandhu wa nyumba ya tatu alikuwa anarudi dukani na mifuko yake, akasimama kando yake.

"Ni nini kile, Bwana Gayle?"

"Ofisi yangu," akasema.

Habari za reli hazikai mahali. Haikupita muda wakaanza kuja watu, mmoja mmoja, kupiga picha kutoka barabarani. Hotchkiss alikuja na maua ambayo hakujua ampe nani, akaishia kumpa mzee. Halafu akaja Cyril Beddoes, dereva wa treni wa zamani, mkongojo mkononi. Alimwambia mzee kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipita Harbrook na treni ya asubuhi, hata kwenye ukungu, bila kuwa na shaka, kwa sababu alijua yule mtu wa pale ataiweka njia yake tayari. Alikuwa akiyaona madirisha safi na mkono unapunga. Uso hakuwahi kuuona.

"Basi ndio huu," mzee akasema, akamkaribisha ndani.

Waliongea mpaka chakula cha jioni. Mimi na Marva tulikaa jikoni tukiwasikiliza wakigonga meza kwa vidole, mmoja akituma ishara za kengele za zamani, zile vibanda vilizotumiana, mwenzake akijibu, wote wawili wakicheka kama watoto wa shule.

Mtaani pale siku hizi watoto hawamwiti tena Mzee Gayle. Hata mpeleka barua, akimkuta mlangoni asubuhi na kitambaa chake, humsalimia, "Habari za leo, Bwana Harbrook." Naye huitikia.