Hatushuki

Farasi wetu Reg alimaliza wa mwisho, tena kwa mbali, na kabla jasho halijamkauka nikaliona lori la machinjio likirudi kinyumenyume kuelekea mabandani.

Nilijua limemfuata yeye. Mwenye Reg ni daktari wa meno wa Sydney aliyekuja kumwona farasi wake mara moja tu, akashinda analalamikia nzi. Alikuwa ameshamwambia bosi wangu, Des Gorman, kwamba Reg akishindwa tena basi, aondolewe. Miaka ile hakuna aliyeuliza farasi wa mbio anaishia wapi akichoka. Wanaishia kwenye bakuli la mbwa, na sote tulijua, na sote tuliendelea kula pai zetu.

Mimi niliwahi kuuliza. Kwenye mkutano wa klabu nilisimama nikaomba lile shamba la nyuma ya uwanja, linaloota miba tu, liwe la farasi waliostaafu. Nikaomba pia nafasi kwa wale wa mwituni wanaokamatwa milimani, maana wasipopata mtu hupigwa risasi. Katibu wetu, Neville Strahan, akaniuliza kama farasi wangu watahitaji na televisheni. Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Tangu siku hiyo naitwa Mama Yatima. Sawa, niiteni.

Farasi wangu mwenyewe, Damper, ni wa mwituni. Nilimtoa kwenye zizi la waliokamatwa, mbavu nje, akitetemeka kila ndege akiruka, nikampa jina la ule mkate wetu wa kuchoma majivuni kwa sababu ya rangi yake. Ni mfupi na ana kitambi. Wageni wakituona, mimi juu yake na koti langu jekundu, huuliza kama sarakasi imefika mjini. Lakini siku ya mbio sisi ndio tunaowaongoza farasi hadi kwenye vizimba vya kuanzia, na farasi akimtupa mpandaji wake akatimka, sisi ndio tunaomfukuza. Kanuni ni kanuni: pasipo koti jekundu uwanjani, mbio hazianzi, na klabu yetu ina hili langu tu.

Na Reg bila Damper hafanyi lolote. Umbo lote lile, na ni mwoga kama kunguru. Hapandi lori mpaka Damper apande kwanza, wala hali mpaka asikie Damper anatafuna banda la pili.

Basi siku hiyo walihangaika naye. Dereva wa lori, Lindsay Crouch, alivuta kamba, Des akasukuma kwa nyuma, mtu mwingine akaleta ufagio wa kumchapia. Reg alikita kwato mbele ya ubao wa kupandia, macho yamemtoka, akinitafuta. Siwezi kukueleza nilivyojisikia.

"Mlete Damper," Des akaniambia bila kunitazama.

"Nimlete aje kufanya nini?"

"Ros, usinianze. Unajua."

"Sema kwa mdomo wako, Des."

"Ampandishe mwenzake, halafu umtoe kwa mlango wa mbele. Tumalize! Unadhani mimi napenda? Nina farasi wengine wa kulisha, nyasi hakuna, mvua hakuna."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia, na bado nilitamani kumpiga na ndoo.

Nikamchukua Damper nikapanda naye. Reg akaacha kubishana papo hapo. Alipanda taratibu, pua yake ikigusa mkia wa Damper, kama alivyopanda siku zote, kwa sababu hatujawahi kumpeleka mahali pabaya. Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika.

Lindsay akafungua kile kimlango cha mbele. "Haya mama, mshushe huyo mfupi."

Nikamfunga Damper kamba, nikakaa chini kwenye majani makavu. "Hatushuki."

"Unasemaje?"

"Mimi sishuki na Damper hashuki. Washa gari twende wote."

"Ros, siruhusiwi kubeba mtu huku nyuma."

"Basi usiwashe."

Lindsay akakuna kichwa. "Des! Huyu mama yako kakaa humu!"

"Mama yangu angeshanichapa," Des akajibu huko nje. Lakini hakuja kunitoa.

Wakati huo kipaza sauti kilikuwa kinawaita farasi wa Kombe, mbio kubwa ya siku. Kikaita tena. Kisha kikaanza kuniita mimi. Mara Neville akatokea mlangoni akihema, tai ya shingoni imemrukia begani.

"Ros! Farasi wa Kombe wanazungushwa huko kama nguo kwenye mashine! Toka!"

"Nataka lile shamba la miba, Neville."

"Hayo ni mambo ya kujadili ndani ya lori?"

"Niliyajadili mkutanoni. Mkanipa televisheni."

Watu walikuwa wameshajaa nje, pai mkono mmoja, bia mkono wa pili.

"Mpe shamba, Nev!" mmoja akapiga kelele. "Dau langu linaoza!"

"Kwani analitumia kufanya nini?" mama mmoja mwenye kofia ya manyoya akadakia. "Si anakwenda kumwaga takataka zake huko? Tumemwona!"

Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Neville akawa mwekundu kuliko koti langu.

"Chukua! Chukua miba yako! Mashahidi si hawa hapa?"

"Na Reg je?"

Kila mtu akamgeukia Des. Alikuwa amejitenga na simu sikioni. Akaja mpaka ubaoni, kofia mkononi.

"Mwenyewe anasema yuko mezani na wageni, tufanye tunavyotaka." Sasa akanitazama. "Mimi nataka abaki, Ros. Nilitaka tangu asubuhi."

"Si ungesema, mpumbavu wewe," nikamwambia, machozi yakinitoka mbele ya mji mzima.

Lakini Kombe lilikuwa linatusubiri, na kumtanguliza Reg peke yake shambani kusingewezekana. Nikamwachia Lindsay kamba ya Reg mkononi, nikatoka na Damper, majani yamening'ang'ania mgongoni. Uwanja mzima nilimsikia Reg akiita kutoka ndani ya lori. Usiniulize nani alishinda.

Tuliporudi, Lindsay alikuwa bado amesimama naye, mkono shingoni.

"Amekuwa akilia muda wote," akasema. "Nimempa ukoko wa pai, akautema."

"Haya, mshushe."

Lindsay hakusogea. Aliutazama ule ubao, kisha akanitazama mimi.

"Ros, wote ninaowapakia nawashusha mahali pamoja tu. Na pale wapo watu wa kuwapokea." Akaizungusha kamba mkononi. "Huyu namshushaje?"

"Mfungue kamba," nikamwambia. "Halafu simama kando."

Akamfungua. Nikamgeuza Damper kuelekea kwenye miba, na nyuma yetu nikasikia kwato za Reg zikishuka ubaoni.