Kisima Namba Tisa Chini ya Zulia

Ouida Stallings alipopata akili, Corley ya Texas ilikuwa matope, mahema na baa kumi na saba. Leo ina viwanja vya gofu, shule zenye bwawa la kuogelea, na nyumba zinazofanana kama mikate ya tanuri moja. Mnara mmoja wa kuchimbia mafuta umebakizwa, umepakwa rangi ya dhahabu mbele ya maduka, watu wapige picha. Visima vyenyewe hakuna anayeviulizia.

Bintiye Darlene alinunua nyumba Mtaa wa Mnara. Siku ya kuwakaribisha majirani, Ouida aliingia sebuleni, akanusa. Mayai viza.

"Mama, usianze," Darlene alisema. "Ni bomba la choo tu. Fundi anakuja Jumatatu."

Kuficha harufu alikuwa amewasha mishumaa sita ya manukato. Kaylee, mjukuu wa miaka mitano, alikuwa chini ya meza na mwanasesere wake.

"Mwanangu, hicho si choo. Hapa babu yako, baba yangu, alifukia kisima namba tisa cha mafuta. Kampuni ilimpa nusu siku, akakiziba kwa gogo la mwerezi na magunia ya udongo, wakahama. Mimi ndiye niliyemletea chakula. Kutoka relini hatua mia mbili, hapa hapa penye zulia lako."

"Si babu huyo huyo aliiita harufu ya mshahara?"

"Aliiita. Lakini hakuvuta sigara karibu nayo."

Akaanza kupuliza mishumaa, mmoja baada ya mwingine. Royce Tidwell, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akaangua kicheko. "Bibi, kumbe leo unatimiza miaka sita!"

Watu wakacheka. Darlene akamvuta mama yake pembeni. "Unaniaibisha! Maneno haya yakienea, nyumba haiuziki hata kwa bei ya banda la kuku." Akachukua kiberiti.

Ouida alimpokonya kiberiti, akamkwapua Kaylee, akatoka naye hadi nyumba ya ng'ambo, akawapigia zimamoto.

Kipimo chao cha gesi kilipiga kelele kabla hawajavuka kizingiti. Mtaa mzima ukahamishiwa kwenye nyasi za gofu, glasi za mvinyo mkononi. Kesho yake walivunja sakafu, wakalikuta gogo limeoza.

Kamati ilimwandikia Darlene barua siku hiyo hiyo: gari la zimamoto limeharibu nyasi, azirekebishe ndani ya siku kumi na nne.

Siku tatu Darlene hakumsemesha mama yake. Ya nne alikuja akaketi jikoni kwake. "Mama, Kaylee alikuwa chini ya ile meza." Ouida akamwekea kahawa.

Tangu hapo majirani wanakuja, kila mmoja peke yake, na keki ya tufaha mkononi. "Je, kwangu kuna kisima, bibi? Na wengine usiwaambie."

Tidwell alikuja wa mwisho.

"Kwako viko viwili," Ouida alimwambia. "Kimoja chini ya chumba cha watoto."

Mwenyekiti akafuta jasho. "Basi tafadhali, bibi, mke wangu asijue. Tunauza mwezi ujao. Mnunuzi tumeshampata, ana mapacha."

Ouida alimpa mkono, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Kisha akavaa viatu, akashika njia ya mkato kwenda kwa mkewe.