Kadi Mbili, Mtu Mmoja

Meli ile ya watalii ilikuwa na ghorofa kumi na moja, mabwawa matatu ya kuogelea, na ukumbi wa chakula ambao mtu aliruhusiwa kupakua hata mara sita bila kuulizwa. Mama Bucha alipakua mara sita kweli siku ya kwanza, na siku ya pili akachoka. Mwanamke aliyepasua mbavu za ng'ombe kwa shoka miaka ishirini na mitatu hakai kitako siku saba akitazama maji ya bluu na visiwa vimejilalia kimya, hata mbwa wa kubweka hakuna. Angeachiwa hiari yake angebaki buchani kwake. Alikuja kwa sababu mdogo wake alimpigia simu akilia.

Mdogo wake huyo alikuwa kitinda mimba, na nyumbani wakamwita Kitinda tangu yuko mgongoni, jina likamganda hadi ukubwani. Mumewe alikuwa daktari wa meno, mtu wa sauti ya chini na kucha safi. Mwezi uliopita alimvunja Kitinda mkono kwa ajili ya shati lililopigwa pasi vibaya. Halafu akapiga magoti, akalia machozi ya kweli, akanunua tiketi za visiwani, eti waanze upya.

"Dada, twende wote," Kitinda alisema kwenye simu. "Ukiwepo hatathubutu."

Haya, dada akawepo. Siku ya nne tumbo likamchafuka kwa ule ulafi wa bure, akashindwa kushuka. Wenzake wakaenda kisiwani wawili, mke na mume.

Visiwa vile havikuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali, abiria wakashushwa na kurudishwa kwa boti ndogo. Kila mmoja alikuwa na kadi. Ukitoka, baharia wa mlangoni anaigusisha kwenye mashine, inalia tii. Ukirudi, tii tena. Kadi zote zikisharudi, nanga inang'olewa. Utaratibu mzuri tu, ila binadamu hatuachi kitu salama. Siku ya pili akina baba walikuwa wameshaanza kukusanya kadi za familia nzima, mke, watoto na mama mkwe, wanamkabidhi baharia kwa mkupuo. Naye baharia, jua limemchoma na foleni imefika ngazini, anazigusisha tii tii tii huku akitabasamu, hata nyuso hatazami. Mama Bucha mwenyewe alikuwa akimpa Daktari kadi yake amshikie, kwa kuwa gauni lake halikuwa na mfuko. Kadi ya Kitinda ndiyo usiseme, Daktari hakuwahi kumwachia hata siku moja.

Saa tisa alasiri tumbo lilitulia, Mama Bucha akateremka hadi mlangoni kumpokea mdogo wake. Boti ya mwisho ilikuwa ikishusha watu. Daktari akapanda ngazi peke yake, mikono ya shati imelowa, na shingoni ana mikwaruzo mitatu mibichi.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Ametangulia na boti ya kwanza, shemeji. Jua limemuumiza kichwa. Mwache alale kidogo."

Akampita, adabu tele. Mama Bucha akaenda chumbani kwao, akagonga, kimya. Akaenda chumbani kwake mwenyewe, hakuna mtu. Akazunguka mabwawa yote matatu akichungulia nyuso za wanawake waliojilaza hadi mmoja akamuuliza kama anamdai. Aliporudi chumbani kwao, mlango ulikuwa umerudishwa tu, akausukuma bila hodi.

Daktari alikuwa amesimama kwenye sinki, kifua wazi, anafua shati. Maji yale yalikuwa na rangi ambayo Mama Bucha aliimwaga mferejini kila jioni ya maisha yake.

"Damu ya nani hiyo?"

"Nimejikata kwenye miamba."

"Wapi? Nionyeshe."

Daktari akajitazama mikono, akajitazama kifua, hakupata pa kuonyesha. Akafunga bomba taratibu. Kisha akamrukia. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo, ya pili ikamgongesha kichwa kwenye kabati, na alipoanguka akampiga mateke ya tumbo, matatu, manne, akivuta pumzi kati ya teke na teke kama mtu anayepanda ngazi. Mama Bucha alimng'ata kifundo cha mguu mpaka akasikia ladha ya damu isiyo yake. Daktari akamkanyaga mkono, akajinasua.

"Usinilazimishe, shemeji," alisema akihema. "Mimi sipendi haya mambo."

Akavaa shati lingine kavu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akatoka kwenda kula.

Mama Bucha alibaki sakafuni akitema damu na kipande cha jino. Kilichomuuma kuliko mateke ni kumbukumbu. Kitinda alishakimbilia kwake mara mbili na sanduku mkononi. Mara mbili alimchemshia chai, akamkanda uso kwa maji ya moto, na kulipokucha akamrudisha kwa mumewe kwa miguu yake mwenyewe. "Vumilia, mwanangu," alimwambia. "Hata mimi nilivumilia." Jamani! Mtu anayeua ng'ombe mzima kabla ya kifungua kinywa, akamwambia mtoto wa mama yake avumilie. Alijichukia.

Akajiinua, akashika ukuta, akafika mlangoni kwa yule baharia.

"Mdogo wangu ameachwa kisiwani."

Baharia alitazama mdomo wake, akatazama mashine. "Mama, wote wamerudi. Mashine haikosei."

"Zimerudi kadi! Alikupa kadi ngapi yule mwanaume mwenye mikwaruzo?"

Baharia akaitazama tena mashine. Hakukumbuka, na alijua kwamba hakukumbuka. "Haiwezekani mtu abaki kule, mama," alisema kwa kujitetea. "Hakuna anayeishi kule. Saa hizi maji yanajaa, ufukwe wote unafunikwa."

Sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zao. Nanga ilikuwa inapanda.

"Simamisha meli."

"Siwezi kumwambia kepteni asimamishe meli kwa maneno tu. Twende kwanza ukatibiwe, unavuja damu."

"Basi nifuate," Mama Bucha alisema. "Uje usikie kwa masikio yako."

Baharia akamfuata na redio yake mkononi, akimsihi, "Mama, taratibu, mama."

Ukumbi wa chakula ulikuwa umefurika. Daktari alikuwa kwenye foleni ya nyama ya kuoka, sahani mkononi, tena anamwelekeza mpishi kwa kidole: hapo, hapo palipoiva vizuri. Ama kweli kuna watu na viatu! Mke wake amelala kwenye maji, yeye anachagua mnofu.

Mama Bucha hakupiga kelele. Aliuchukua uma mrefu wa mpishi, ule wa meno mawili wa kushikilia nyama, akakamata mkono wa kulia wa Daktari, akaulaza kwenye ubao wa kukatia nyama. Mifupa ya kiganja aliijua inavyopangana. Alishusha uma kwa uzito wake wote, ukapenya katikati ya mifupa, ukaingia ubaoni na kunasa.

Ukelele alioutoa Daktari ulinyamazisha ukumbi mzima. Sahani ilipasuka sakafuni. Damu ilitapakaa juu ya nyama na mchuzi wake. Watu walikimbia wakiangusha viti, mwanamke mmoja akatapika mezani, na mpishi akainua mikono yote miwili utadhani ni yeye aliyekamatwa.

"Yuko wapi?"

"Alianguka! Aliteleza mwenyewe!"

Akauzungusha uma. Kitu kikalia ndani ya kiganja.

"Yuko wapi?"

"Miambani! Nyuma ya ile miamba, upande wa pili!" Mate yalimtoka. "Alisema harudi nyumbani na mimi! Nilimpiga na jiwe, mara moja tu!"

Mama Bucha akaokota kisu cha mpishi, akamwekea kooni, chini ya kidevu, mahali anapoanzia kazi kila alfajiri.

"Mara ngapi?"

"Sijui! Sikuhesabu!"

Nyuma yao baharia alikuwa ameshainua redio, sauti imempasuka. "Kepteni, geuza. Geuza meli, tumeacha mtu!"

Hapo mabaharia wanne wakamvamia Mama Bucha, wakambwaga chini, goti mgongoni, wakamfunga mikono kwa pingu za plastiki hadi vidole vikafa ganzi. Bandari itakayofuata angekabidhiwa polisi, walimwambia. "Mnikabidhi hata kwa shetani," alijibu, shavu sakafuni, "ilimradi meli inageuka."

Walimkalisha karibu na mlango wa boti. Boti ilikwenda, ikakawia, na kila dakika iliyopita maji yalizidi kumeza mchanga mbele ya macho yake. Iliporudi, Kitinda alikuwa ndani yake. Walimkuta maji yamefika shingoni, amekumbatia mwamba kwa mkono mmoja. Kichwa kilikuwa kimepasuka, taya limekwenda upande, jicho moja halionekani. Lakini alikuwa anapumua. Mama Bucha alilia kwa sauti, bila aibu.

Wakampandisha kwa machela. Kitinda alizitazama pingu, akautazama mdomo wa dada yake.

"Umefanya nini?" Maneno yalitoka kwa shida.

Mama Bucha akamweleza yote, uma, ubao, kisu, bila kupunguza. Kitinda alisikiliza bila kupepesa jicho lake moja.

"Alilia?"

"Alilia sana."

Baharia akainama kushika machela, Kitinda akamzuia kwa kidole.

"Kumbe ulikuwa unaweza, dada," alisema. "Siku zote zile, kumbe ulikuwa unaweza."

Mabaharia wakainua machela, wakampeleka Kitinda kwa daktari wa meli.