Jeni, Si Jini

Ubaya wa Kiswahili cha hospitali ni kwamba herufi moja inaweza kukuchomea mtoto.

Daktari alieleza taratibu kabisa. "Kuna jeni zinazouamrisha ubongo wa mtoto ukue. Kazi ikiisha, zinanyamazishwa. Kwa Leyla, moja imekataa kunyamaza, ndiyo maana uvimbe unaota hapa kisogoni. Ni saratani. Si kosa la mama wala baba. Nairobi wataupasua, lakini msichelewe."

Istahil, mama yake, alisikia jeni. Shemeji yake Dekow, aliyewasindikiza kwa kuwa mumewe Salah yuko na ngamia upande wa Hadado na simu haishiki, alisikia jini. Jini lililojibanza kisogoni, likaambiwa linyamaze likakataa! Wewe ungesikia nini?

Jioni mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. "Daktari mwenyewe amekiri!" Asubuhi Dekow akaja na mzee wa kuchoma wagonjwa kwa chuma, makaa yakawashwa uani, chuma kikatiwa motoni. Kichwa kichomwe, jini lihame.

Loo! Kichwa cha mtoto wa miaka sita, anayetapika kila kukicha na kupepesuka akitembea!

Istahil akasimama mlangoni.

"Adeer Dekow, wewe ni ami yake, nisikie: ni jeni. Kitu kidogo ndani ya mwili, kinachotuambia tukue."

"Jeni, jini, ni mamoja! Umemsikia mwenyewe."

Hapo uvumilivu ukamwishia. Akaingia ndani, akatoka na picha ya kichwa cha Leyla waliyopewa hospitalini, akaiinua juani mbele ya mzee wa kuchoma.

"Haya, liwe jini! Mzee, katika maisha yako umewahi kuona jini likipigwa picha? Hili hapa, jeupe, limekaa. Daktari ameliona. Wewe umeliona wapi?"

Mzee akakodoa macho kwenye ile picha kwa muda mrefu. Kisha, Mungu ambariki, akachomoa chuma motoni, akakizika mchangani. "Hili si langu," akasema.

Dekow akafura kwa hasira. Aibu hiyo, mbele ya majirani! "Mwanamke hampeleki mtoto wa ukoo wetu kupasuliwa baba yake hayupo. Vuka mlango huu, na akifa, sisi usitutafute."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Istahil aliogopa, tusidanganyane. Lakini akambeba Leyla, mzito sasa, miguu ikining'inia.

"Akifa nitamlilia mimi," akasema. "Wewe utatoa rambirambi na kurudi sokoni kwa mbuzi wako. Nipishe."

Hakupisha. Istahil akampita hivyohivyo, bega kwa bega, hata kofia ya Dekow ikaanguka, akaingia kwenye gari la Abdihafid, jirani aliyeahidi kuwapeleka Nairobi, aliyekuwa akiwasubiri nje. Leyla akatapika, buibui la mama yake lote likalowa.

"Tusimame umpanguse?" Abdihafid akauliza.

"Endesha," Istahil akasema.