Mama Maria Kichwa Chini

Alhamisi asubuhi Stella Kiden alilitundika gauni la kwanza ukutani, akarudi nyuma kidogo kulitazama, akaridhika na shingo, akaridhika na mikono, kisha akaligeuza. Mgongoni, katikati kabisa, Mama Maria alikuwa amesimama kwa kichwa. Taji lake lilielekea sakafuni na miguu yake ilikuwa juu mabegani.

Stella hakupiga kelele. Alilishusha gauni akalitundika upya, kana kwamba picha ingejirekebisha kwa aibu. Haikujirekebisha. Akaliendea rundo la vipande alivyokwisha kukata, akavipekua kimoja kimoja, na kila mgongo aliouvuta ulikuwa vivyo hivyo. Magauni zaidi ya ishirini ya akina mama wa parokia, ya kuvaliwa Jumapili kwenye jubilei, na migongo yote kichwa chini.

Niwaeleze wasiowahi kushika mkasi. Kitenge chenye picha kina juu na chini. Fundi akikikunja katikati ya urefu wake ili akate mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja, picha za tabaka moja husimama na za tabaka la pili hupinduka. Kila fundi wa mji wetu wa Koboko analijua hilo, na Stella mwenyewe amewafundisha wengine. Lakini wiki ile alikuwa amemkubalia mwalimu mkuu sare za shule, amemkubalia mke wa imamu mapazia, amemkubalia na jirani aliyetaka suruali ipunguzwe kidogo tu, leo leo. Stella hajui kukataa. Mtu akimwambia "wewe ndiye fundi wetu", basi, kamnunua. Kwa hiyo kitenge cha kanisa alikikata usiku, kwa mwanga wa simu, macho yakijifumba yenyewe.

Kisha hofu ikapata sauti, na sauti hiyo ilikuwa ya baba yake. Mzee Severino, sajini mstaafu, alikuwa na watoto waliolelewa kwa lugha mbili. Kikakwa kilikuwa cha mama yao, cha kulisha na kubembeleza. Kiswahili kilikuwa cha baba. Alitoka nacho kambini pamoja na viatu vyake, na nyumbani hakukitumia ila kwa kukagua kucha, vitanda na masufuria, na watoto walijibu "Ndiyo, afande." Stella akiwa msichana alimshonea shati. Mzee alikivuta kifungo kwa vidole viwili mpaka kikang'oka, akasema, "Wewe iko kazi bure." Baada ya hapo mzee hakuwa na haja tena ya kuja kukagua. Stella alijikagua mwenyewe kila siku ya Mungu, kwa sauti ile ile, na kwa ukali ambao nadhani hata sajini angeuonea haya.

"Wewe iko kazi bure," sauti ilimwambia sasa. "Mutu muzima hapana jua juu na chini. Kanisa yote itacheka wewe."

Na mwenyekiti wa kamati ya jubilei alikuwa nani? Huyo huyo Mzee Severino.

Alizifunika nguo kwa shuka, akafunga milango ya duka. Kwenye baraza la duka, jirani yake Hadijah alikuwa akipanga uzi, vifungo na hina zake za kuuza, na Hadijah ni mtu asiyepitwa na kitu.

"Mama Lemi, unafunga saa hii? Unaenda wapi?"

"Arua. Kuchukua uzi."

"Uzi? Na mimi hapa nauza nini, samaki?"

Stella alikuwa ameshafika barabarani anapunga mkono kusimamisha gari.

Sokoni Arua alikwenda moja kwa moja kwa Zubeiri, mfanyabiashara aliyewaletea akina mama kile kitenge. Alimwambia anataka kingine, haidhuru kiasi gani. Zubeiri alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Hiyo ilipita mpaka ya Vurra kwa oda, mama. Walichapa kwa kanisa yenu tu. Ingine hakuna."

Stella alimsihi mpaka akampigia mtu wake wa mpakani, na simu akaiacha iseme kwa sauti ili asikie mwenyewe. Yule mtu akasema hakuna, labda baada ya mwezi. Stella akashukuru kwa adabu, akatoka, akajibanza pembeni mwa duka la masufuria, mtu asimwone.

Simu yake ikaita. Alikuwa Mama Margarita, kiongozi wa akina mama wa parokia. Ikaita mpaka ikanyamaza, ikaita tena. Stella aliishika kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto.

Aliogopa nini hasa? Aliogopa Margarita angesema amemtukana Bikira. Aliogopa mji ungesema amerogwa, au kwamba ameyafanya kusudi kwa sababu za giza, na wateja wangemkimbia. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na hofu moja iliyozidi. Aliogopa baba yake angelinyanyua lile gauni mbele ya watu, aseme yale maneno yake, na watu wote wakubaliane naye.

Magari ya Vurra yalikuwa yanaita abiria. Ng'ambo ya Vurra, huko Aru, Congo, alikuwepo mama yake mdogo, mwenye nyumba kubwa na maswali machache. Lemi, mwanawe, alikuwa shule ya bweni, angemfuata baadaye. Jumapili ingepita bila yeye. Aliyapanga hayo yote huku anatembea, na alipomaliza kuyapanga alikuwa ameshaketi ndani ya gari, mkoba magotini.

Simu ikaita tena, akaangalia, safari hii akapokea. Alikuwa Betty, mjane aliyekimbia kutoka mji wa Yei, ng'ambo ya mpaka, na sasa anashona katika kituo cha biashara cha Omugo. Kazi alijifunza kwenye cherehani ya Stella, na ingawa amemzidi umri humwita mwalimu. Wao wawili huzungumza Kikakwa.

"Mwalimu, nimekwisha." Betty alikuwa analia. "Cheche ya pasi ya mkaa imeangukia gauni la bibi harusi. Limetoboka kifuani, na harusi ni Jumamosi. Nimelificha chini ya kitanda. Mimi ni mpumbavu, sijui nani alinidanganya nishike kazi hii."

"Usijitukane," Stella alisema hapo hapo. "Pole, Betty. Pole sana. Umekula?"

"Nile vipi?"

"Kula kwanza, usije ukaharibu zaidi kwa njaa. Tundu ni kubwa?"

"Kama kifungo cha shati."

"Basi weka ua la lesi juu yake, na lingine upande wa pili, lionekane limepangwa. Lakini toa hilo gauni chini ya kitanda. Mwite mwenyewe leo, umwonyeshe, umwambie limeungua mikononi mwako. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki yake. Hiyo haikufanyi wewe kuwa mtu mbaya. Umechoka, na cheche imeruka."

"Naogopa, mwalimu."

"Naijua hofu hiyo." Stella alisema. "Ogopa, lakini mwite."

Simu ilipokatika, utingo alikuwa dirishani. "Mama, Vurra, si ndiyo?"

Hapo ningependa kuwaambia kwamba moyo wake ulitulia. Wapi! Alijiona kituko, mwalimu wa ushujaa aliyepanda gari la kutorokea. Mwanamke mwenzake alikuwa ametoboa gauni, na yeye hakuona upumbavu wowote, aliona uchovu na cheche. Lakini yeye mwenyewe, tangu asubuhi, alijiita majina ambayo hangemwita hata mwizi wa kuku. Akajaribu kitu ambacho hakuwahi kukijaribu maishani. Alijisemesha kwa Kikakwa, chini chini, ili jirani yake kitini asimdhanie mwendawazimu: "Pole, Stella. Umechoka. Ulikata usiku kwa sababu unawaogopa watu wote."

Machozi yakamtoka hapo hapo, mbele za watu, na hofu isipungue hata kidogo. Sauti ya kambini ikamrukia: anajidekeza, mutu mubaya anajihurumia. Stella akaiacha iseme. Alikuwa anaogopa, na bado aliona kwamba yule aliyeogopa alistahili pole.

"Nishushe," alimwambia utingo.

Alirudi kwa Zubeiri, akachukua jora la kitambaa cha bluu kisicho na picha. Kisha akampigia Margarita.

"Mama Margarita, kuja dukani leo jioni. Kuja na baba yangu. Kazi iliharibika, nataka nyinyi muone."

Jioni walikuja Margarita na wenzake wawili, na Mzee Severino mbele yao, viatu vinang'aa, fimbo kwapani. Hadijah aliacha biashara yake, akaja kusimama mlangoni. Stella alikuwa amelitundika gauni mgongo ukiwa mbele, asijipe nafasi ya kuanza na upande mzuri. Akaliondolea shuka.

Margarita alifanya ishara ya msalaba.

"Stella! Nani alikuambia kupindua Mama wa Mungu? Watu watasema sisi iko watu ya shetani!"

"Ni mimi nilikata vibaya," Stella alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba kama uzi. "Nilikunja kitambaa. Si kusudi, na mnisamehe. Nitatoa migongo yote, nitaweka hii ya bluu. Mama Maria atabaki mbele tu."

"Lakini sisi ilitaka aonekane nyuma! Wakati wa maandamano, watu wanafuata, wanaona Mama." Margarita alikuwa karibu kulia, na haikuwa hasira peke yake. Miezi mingi walikuwa wamekisubiri kitenge kile.

"Najua," Stella alisema. "Hiyo imepotea. Siwezi kurudisha."

Mzee Severino alisogea. Alilinyanyua pindo la gauni kwa ncha ya fimbo, akalitazama kwa muda, akaliachia. Kisha akamgeukia binti yake.

"Wewe iko kazi bure."

Basi, yamesemwa. Mbele ya akina mama, mbele ya Hadijah, mbele ya kila aliyepita barabarani. Lile aliloliogopa maisha yake yote lilikuwa limetokea, na Stella alisubiri watu wakubaliane. Labda walikubaliana. Hakuwaona, kwa sababu macho yake hayakuweza kubanduka kwenye ile fimbo.

"Leo hapana lala," mzee aliendelea. "Utashona mpaka asubuhi. Mapema mimi nakuja kukagua."

"Ndiyo, afande" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Ilikuwa tamu pia, msidhani haikuwa tamu. Angeisema, angeshona hadi jua litoke, wangekuta migongo imekaa sawa, na huenda mzee angeguna ule mguno wake wa kuridhika. Stella aliushika ukingo wa meza ya kukatia.

"Hapana, baba."

"Umesema nini?"

"Usiku hapana shona. Hii nguo nilikata usiku, nilikuwa nimechoka, ndiyo maana iliharibika. Nitaanza kesho asubuhi. Kama zingine hazitaisha, wenye hizo Jumapili watavaa nguo zao zingine, wafunge bluu begani." Alivuta pumzi, ikaingia nusu. "Na baba, kazi ndiyo iliharibika. Mimi hapana haribika."

Mzee aliinua fimbo. Stella aliiona ikipanda, na mwili wake mzima ukawa wa mtoto aliyepangwa mstarini. Hakukimbia. Hakuwa jasiri pia, alifumba macho tu na kuendelea kuishika meza.

Alipoyafumbua, fimbo ilikuwa imerudi kwapani. Mzee alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa askari aliyetoka mstarini bila amri, hana hasira wala huruma, hajui tu amfanye nini. Akageuka, akashuka barazani, akaenda zake bila kuaga.

"Kesho mimi nakuja kuona," Margarita alisema. Hakusema kwa upole. Alikusanya mkoba wake na wenzake wakamfuata, na kama walikuwa wamemsamehe hawakumwambia.

Stella aliketi sakafuni. Hadijah akaja kuketi pembeni yake.

"Mimi nilifikiri atakupiga."

"Mimi pia."

Wakacheka, kicheko kibaya cha watu walioponea chupuchupu, kisha Stella akaacha kucheka. Aliitazama cherehani, akalitazama jora la bluu. Angeweza kuanza sasa hivi. Angeshona kwa mwanga wa simu, asubuhi wakija wakute tayari, wamwambie yeye ndiye fundi wao. Alitaka sana kusikia hilo. Sauti ya kambini ikamwambia ndiyo, anza, labda bado utafaa kitu.

"Pole, Stella," alijiambia, safari hii kwa sauti, na Hadijah akasikia. Akainuka kwa kujishikilia ukutani, akafunga milango.

Alikwenda nyumbani akiogopa. Alioga akiogopa, akala akiogopa, akajilaza akiogopa Jumapili na baba na mji mzima. Kisha akalala.