Alama Chini ya Rangi ya Kijani

Nyumba ishirini na tatu za mtaa wa chini zilijibu neno moja. Maji ya mafuriko makubwa yalifika wapi? Kifundoni. Nilipofika fomu ya kumi ya dodoso nilishajua ni uongo, maana nimezaliwa katika mojawapo ya nyumba hizo, na siku ile nilikaa juu ya kabati la nguo tangu alfajiri hadi jioni, nikitazama sufuria za mama zikielea kwenda uani.

Kazi yangu ni kupima. Nina stashahada ya ujenzi, buti za mpira, na bosi, mhandisi tunayemwita Mteremko kwa sababu kila swali hulijibu kwa neno hilo. Tulikuwa tunaandaa mpango wa kijito: kukipanua, kujenga kuta kandokando na kubadilisha kalavati mbili za chini ya barabara zilizoziba kwa taka. Mtaa wa chini nilimwachia mwenzangu, nisije nikaambiwa nawapendelea wa kwetu. Hilo lilikuwa kosa langu. Mwenzangu ni mpole; akiambiwa kifundoni, anaandika kifundoni.

Mchoro ulipotoka kwenye mashine, niliufuata mstari wa ukuta kwa kidole. Ulianza juu, kwenye nyumba mpya zenye mageti, ukashuka vizuri, ukaishia mita sitini kabla ya mtaa wa mama.

"Mbona umekatika hapa?" nilimuuliza Mteremko.

"Huko chini hawana shida. Maji ya kifundoni unayatoa kwa dekio."

"Na haya tunayoyaharakisha huku juu, yataenda wapi?"

Alinitazama kama niliyemuuliza jua linachomoza upande gani. "Mteremko," alisema.

"Basi yatawashukia wao, yote kwa mkupuo."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Kama vipimo si sahihi, niletee alama ya maji, usiniletee maneno. Kikao ni Ijumaa. Lakini unajua mstari mwekundu wa kubomoa utapita wapi."

Nilijua. Maji ya magotini, unajengewa ukuta. Yakizidi mita moja, nyumba huvunjwa, mwenyewe anahamishwa, na pale panaachwa uwanja wa maji kutulia.

Nilikwenda kwa mama mchana uleule. Alikuwa uani anafua. Ndani kulinukia rangi ya mafuta, na fremu ya mlango wa kilichokuwa chumba changu ilikuwa ya kijani kibichi, peke yake, katika nyumba ambayo haijapakwa rangi tangu nimalize shule.

"Mama, tangu lini watu wanapaka mlango mmoja?"

"Tangu rangi ilipokuwa kidogo."

"Nani aliwafundisha kusema kifundoni?"

"Tufundishwe na nani? Sisi watu wazima. Tulikaa, tukakubaliana."

Fundi cherehani, jirani yetu ambaye mazungumzo ya watu hayampiti, alidakia kutoka upande wa pili wa ukuta. "Tungesema shingoni mngetuletea matingatinga. Kule ng'ambo ya kijito walisema ukweli, wakapewa wiki mbili."

"Sasa ukuta hauwafikii, mjomba."

"Nani aliomba ukuta? Tuliomba mtuache."

"Tukipanua kule juu, maji yatakuja huku mara mbili ya yale. Na kwa kasi."

Cherehani yake iliendelea kunguruma.

Mama alikamua shati, akalikung'uta. "Yale yalikuja mara moja tu. Mimi nimebakiza miaka mingapi hata niyasubiri mengine?"

"Na ya mwaka juzi?"

"Ile ilikuwa mvua."

"Mama, godoro lilielea."

"Lilikuwa godoro jepesi."

Ningecheka kama isingekuwa kazi. Nilitoa futi ya chuma mfukoni. Akaiona, akaweka shati chini.

"Baba yako amefia humu," alisema. "Alikuchorea urefu wako kwenye mlango ule kila mwaka, hakuruka hata mmoja."

"Ndio mlango ulioupaka rangi."

Aliliokota shati. Niliona nimemchoma, na sikuomba radhi, maana ningeanza kuomba radhi nisingepima. Baadaye alisema, kwa sauti ya chini, "Nilijua utakuja na hicho kidude chako."

Lakini baba alikuwa seremala, na hakuiamini penseli. Alama zake alizikata kwa patasi. Nilipitisha kidole juu ya rangi na zote zilikuwepo, moja juu ya nyingine, kama ngazi. Nilitafuta ya miaka tisa, umri niliokuwa nao mwaka wa mafuriko. Juu yake kidogo, upana wa vidole viwili, palikuwa na mkato mrefu unaovuka ubao wote. Aliukata siku maji yalipotoka, matope yakiwa bado mabichi, akaniambia, hapa ungekuwa umezama. Mita moja na sentimita thelathini na nne.

Nilisimamisha fimbo ya kupimia, nikapiga picha. Mama alisimama nyuma yangu, mikono ikichuruzika povu.

"Ukiandika hiyo, mimi naenda wapi?"

"Kwangu."

"Kwako vyumba viwili, na mjukuu wangu anasoma kwa sauti kama mnadishaji."

"Atasoma kimya."

"Mgeni siku mbili, mwanangu. Ya tatu utanipa jembe."

"Sina shamba."

Hakucheka. "Ningekuwa na mtoto mwingine ningekwenda kwake," alisema, akarudi kwenye beseni.

Nikaandika.

Ijumaa Mteremko aliitazama picha muda mrefu, akasema, "Alama nzuri," akausogeza mstari mwekundu kwa mkono wake mwenyewe. Ulizifunika nyumba zote ishirini na tatu. Walipewa miezi minne, nikaambiwa nishukuru. Fundi cherehani aliacha kuitikia salamu zangu. Sketi ya shule ya binti yangu, niliyompelekea apunguze, aliirudisha ilivyo, ndani ya mfuko, juu ya ngazi ya mama.

Kupaka namba za kubomolewa kwenye kuta ni kazi ya vibarua. Niliomba nyumba ya mama niipake mimi, maana sikutaka ashtukie brashi ya mtu asiyemjua. Nilifika asubuhi na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa ameshafagia mbele, akaondoa ndoo na kiti chake ukutani ili nipate nafasi. Ndani, fremu ya mlango haikuwepo. Aliwaita mafundi jana yake waing'oe ahame nayo. Upande wa chini ulivunjika mikononi mwao. Kumbe ulikuwa umeoza kwa unyevu hadi kiunoni. Kipande cha juu kilikuwa kimelazwa kwenye ukumbi, kimefungwa kwa shuka.

Nilianza na tarakimu ya mbili. Namba ikalala upande. Mama alinitazama, fagio mkononi.

"Futa hiyo," alisema. "Andika vizuri. Watu wanapita hapa."

Nikaifuta kwa kitambaa alichonipa, nikaanza upya.